Ini, Figo na Matumbo: Wasafishaji Aliotutilia Mungu Mwilini

Somo la mwezi huu ni la mwili, lakini tutaanza katika Neno. Walimu watakaolisoma mbele ya watu na wafungue kwanza Injili ya Marko mlango wa 5, toka mstari wa 25 hata wa 34, wasome polepole, kisha waendelee na haya tuliyoyaandika.

Mwanamke yule alikuwa na ugonjwa wa damu miaka 12. Marko ametujulisha ya kuwa alikwisha kuzunguka kwa waganga hata fedha yake ikaisha, na ugonjwa ukaongezeka. Luka, ambaye alikuwa mganga mwenyewe, amelipita jambo hilo kwa maneno machache kuliko Marko. Msomaji na afikiri kwa nini. Lakini sisi twataka mwitazame fedha ile. Mwanamke hakuipoteza kwa anasa. Aliitoa kwa sababu aliumwa mahali ambapo wanawake huona haya kupataja, na kila aliyemwambia, "Ninayo dawa," alikuwa amemfungulia mlango.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mtu katika usharika wetu siku ya Jumapili, amevaa vizuri, ana karatasi na picha, akaomba ruhusa kusema neno la afya baada ya ibada. Tulimpa ruhusa. Jambo hili twaliandika kwa huzuni, maana kosa lilikuwa letu, wala si la wazee wala la mwalimu. Mtu yule alisimama mbele ya mlango wa kanisa, akawaambia wanawake ya kuwa maumivu ya hedhi, kukosa mtoto, unene, uchovu na chunusi za uso vyote vina asili moja, yaani uchafu uliojaa mwilini na katika tumbo la uzazi, ambao huharibu homoni. Tena ya kuwa yeye anayo dawa ya maji iwezayo kuuosha uchafu huo kwa siku 40. Akatoa chupa zake. Bei ya chupa moja ilikuwa kama bei ya mbuzi mdogo. Ziliuzwa nyingi siku ile, kwa kuwa watu waliwaza: mchungaji amemruhusu.

Katika wale walionunua alikuwamo mke wa mmoja wa wazee wetu, mwanamke wa miaka 31, aliyeolewa miaka sita wala hana mtoto. Alikunywa chupa ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Juma la tano macho yake yaligeuka manjano, mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, upande wa kuume chini ya mbavu ukamwuma, asiweze kula wala kusimama. Akachukuliwa hospitali, akalala huko majuma matatu. Daktari alipouliza, "Amekunywa nini?" mumewe hakujua, maana alikuwa amefichwa. Sisi tulijua.

Siku zile tulikwenda hospitali mara nyingi, na daktari alitufundisha kwa saburi. Mengine tumeyasoma baadaye. Haya ndiyo tuliyopasiwa kuyajua kabla ya kumpa mtu yule nafasi.

Kwanza neno lenyewe, homoni. Watu hulitumia siku hizi kama kwamba ni jina la ugonjwa, utasikia mtu akisema, "Fulani ana homoni." Kila mtu anazo, na asiyekuwa nazo hawezi kuishi. Neno hili lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling, mwalimu wa elimu ya mwili huko London. Miaka mitatu nyuma yake, mwaka 1902, yeye na mwenzake William Bayliss walikuwa wameona ya kwamba utumbo, chakula kikishuka kutoka tumboni, hutoa kitu na kukitia katika damu, na kitu hicho husafiri mpaka kongosho na kuiamuru imwage maji yake ya kusagia chakula. Basi utumbo ulipeleka ujumbe kwa njia ya damu. Starling alipotafuta jina alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kusukuma au kuchochea. Wale waliojifunza Kiyunani pamoja nasi watakumbuka ya kuwa kitenzi hicho kimo katika mlango huu huu wa 5 wa Marko, mstari wa 13, pale nguruwe walipotimka kwa kasi mpaka ziwani. Si mfano mzuri sana kwa habari ya afya, lakini husaidia kulikumbuka.

Homoni basi ni wajumbe. Tezi ya shingoni ina wajumbe wake, wahimizao joto na kazi ya mwili wote. Tezi zilizo juu ya figo zina wao, na kongosho ina insulini, itawalayo sukari. Vifuko vya mayai vya mwanamke hutoa estrojeni na wenziwe, wapangao mwezi wake. Na katika kila jamii ya wajumbe mambo mawili ni ya lazima: mjumbe atumwe kwa wakati, tena akiisha kutoa habari aondoke. Tarishi akibaki mlangoni akirudia neno lile lile mchana kutwa, nyumba haitakaa kwa amani. Hapo ndipo ini linapoingia.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kwa kila dakika damu ipatayo lita moja na nusu hupita ndani yake. Damu itokayo matumboni haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitishwa kwanza katika ini, kama watu wapitao forodhani. Kilicho chakula hupokewa, na kilicho sumu hushikwa, kikavunjwa. Insulini yenyewe itokayo kongosho, karibu nusu yake huondolewa na ini katika mapito ya kwanza, kabla haijaenea mwilini. Na homoni ya tezi ya shingoni, ambayo nyingi hutoka ikiwa ya namna dhaifu, sehemu kubwa hugeuzwa katika ini ikawa ya namna yenye nguvu.

Na estrojeni je? Huyu ni ndugu wa mafuta, maana haishikamani na maji. Kila mama ajua ya kuwa chungu chenye samli hakioshwi kwa maji matupu. Mungu ameliwekea ini njia yake: huibadili kidogo homoni ile iliyokwisha kazi, kisha huifungia kitu kingine, cha jamii ya sukari au cha kiberiti, ndipo iweze kuyeyuka katika maji. Ni kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba ili mchukuzi apate mahali pa kushika. Wachukuzi ni wawili: damu iupelekayo mzigo kwenye figo, utoke kwa mkojo, na nyongo iupelekayo matumboni, utoke kwa choo. Dawa tunazomeza, na pombe, na sumu za mimea na za ukungu, nazo huvunjwa katika kiwanda hicho hicho.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1842 kijana mmoja wa Ujerumani, jina lake Wilhelm Keller, mwanafunzi wa Friedrich Wöhler huko Göttingen, alimeza asidi ya benzoiki kwa kusudi, kisha akaupima mkojo wake mwenyewe. Asidi ile ilitoka ikiwa imegeuzwa kitu kingine, imefungiwa kitu cha mwili. Mwili ulikuwa umefanya kazi yake bila ya kununuliwa chupa.

Lakini ushahidi ulio karibu nasi zaidi watoka Kampala. Katika hospitali ya Mulago palikuwa na daktari wa Kiingereza, J. N. P. Davies, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na kutafuta asili ya magonjwa. Mwaka 1949 aliandika katika gazeti la waganga wa Uingereza habari za kuharibika kwa homoni katika Waafrika. Aliona wanaume ambao maziwa yao yalivimba kama ya mwanamke na mapumbu yao yalipungua, na katika hao aliona ini lililoharibika. Siku zile utapiamlo ulikuwa mwingi, na daktari mwingine wa Mulago, Hugh Trowell, alikuwa akishughulika na watoto wa kwashakoo, ambao ini lao hujaa mafuta kwa kukosa vyakula vya kujenga mwili. Na leo waganga wote wajua ya kuwa ini likikauka na kuwa gumu, mwanamume aweza kuota maziwa na mwanamke aweza kupotewa na hedhi. Ini lilikuwa mtumishi wa homoni siku zote, ila watu hawakulitazama mpaka lilipoanguka.

Huyo Trowell, kwa kutaja tu, alipoacha kazi na kurudi kwao alipata kuwa kasisi katika kanisa la Kiingereza. Wala hakuiacha elimu yake. Yeye na Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mkristo aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946, ndio waliouhubiria ulimwengu habari za makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi zilizo katika nafaka nzima, kunde, mboga na matunda. Burkitt hakuona haya kupima choo cha watu. Mwaka 1972 yeye na wenziwe walitangaza vipimo vyao: wanavijiji wa Uganda walitoa choo zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa muda wa siku moja na nusu hivi, askari wa majini wa Uingereza pamoja na wake zao walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa mwilini zaidi ya siku tatu. Wako watakaocheka wakisikia haya yakisomwa kanisani. Na wacheke. Bwana wetu naye, katika Mathayo mlango wa 15, hakuona haya kutaja mahali chakula kinapoishia.

Kwa nini twasema habari za choo katika somo la homoni? Kwa sababu ya mzigo ule uliofungwa. Nyongo ikiisha kuushusha matumboni, humo hukutana na vijidudu, maana utumbo mpana ni kijiji chenye wakazi wengi, na baadhi yao huweza kuifungua kamba. Mzigo ukifunguliwa na kukaa, homoni hurudi katika damu, na ini hulazimika kuanza upya. Lakini tumbo likiwa na nyuzinyuzi nyingi, choo kikatoka kwa wingi tena kwa wakati, mzigo hutoka pamoja nacho. Mwaka 1982 wataalamu wa Boston, Marekani, waliwapima wanawake wasiokula nyama, wenye chakula cha nyuzinyuzi nyingi, wakawalinganisha na wenzao walao chakula cha kawaida cha huko. Wale wa kwanza walitoa estrojeni katika choo mara mbili au tatu zaidi, na katika damu yao ilionekana iliyo pungufu.

Basi hapo twawauliza akina mama, na wanaume waletao unga nyumbani: ni nani aliyetufundisha ya kuwa sembe nyeupe ni chakula cha heshima, na dona ni chakula cha maskini? Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, ikatuachia wanga. Kisha makapi yale tunayauza kwa bei ndogo yawe pumba za ng'ombe, na ng'ombe hupata choo laini kuliko mwenye ng'ombe. Dona, mtama, ulezi, maharage, choroko, kunde na majani yake, mchicha, matembele, maembe, mapapai: haya ndiyo mambo ambayo mwili unaweza kuyatumia katika usafi wake. Hayana siku 40. Ni ya kila siku, wala hayatibu ugonjwa uliokwisha kuingia. Maji nayo ni ya lazima, hasa kwa walimao juani.

Lakini dona yataka uangalifu mmoja ambao hatuwezi kuunyamazia. Ukungu uotao katika mahindi na karanga zisizokauka vema hutoa sumukuvu, na sumu hii adui yake mkuu ni ini. Mwaka 2004 katika Ukambani na sehemu za jirani huko Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 katika hao wakafa. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka katika Dodoma na Manyara, hapa Tanzania, na watu 20 wakafa. Hao ni wale waliokula nyingi kwa muda mfupi. Alaye kidogo kidogo miaka mingi hajui neno, mpaka saratani ya ini inapomtokea, na hasa ikiwa anao pia ugonjwa wa homa ya ini wa namna ya B. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Kwa hiyo mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai au kichanja. Yakauke kabisa kabla ya kutiwa ghalani. Na punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa zichaguliwe zitupwe. Zisipelekwe kupikiwa pombe, wala zisipewe kuku, maana tumeona watu wakizichagua vizuri mezani kisha wakazirudisha kwa mlango wa nyuma. Na ile homa ya ini ina chanjo. Watoto wachanga huipata pamoja na chanjo zao nyingine. Mtu mzima na aulize hospitali apimwe.

Habari ya pombe wasomaji wetu wameisoma mara nyingi katika kurasa hizi, nasi hatutairudia yote. Twaongeza neno hili moja tu, la wale wasemao ya kuwa pombe ya kienyeji si kitu: ini halijui kama kileo kimetoka katika ndizi au katika kiwanda. Hulivunja lile lililomo, na likiwa na kazi hiyo, kazi nyingine husubiri.

Sasa figo. Katika Zaburi ya 139, mstari wa 13, pale watafsiri wetu walipoandika "mtima", neno la Kiebrania ni lile lile la figo. Waebrania walizihesabu figo kuwa mahali pa siri pa mtu, ambapo Mungu peke yake aona. Sisi nasi mpaka leo hatuzioni wala hatuzisikii, mpaka zimeharibika sana. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja zote mbili huchuja maji ya lita 180 hivi, yaani madebe tisa, kisha hurudisha karibu yote mwilini, na kutoa lita moja na nusu tu au mbili kuwa mkojo. Ni nani mwenye chupa iwezayo kazi hiyo?

Huko Nairobi madaktari walitangaza mwaka 1972 habari za wagonjwa 60 Waafrika waliovimba mwili kwa figo zilizokuwa zikivuja. Walipowahoji waliona ya kuwa 32 kati yao walikuwa wakijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Mafuta hayo yalikuwa na zebaki, na zebaki hupenya katika ngozi, ikaenda kukaa katika figo. Mkatangaze jambo hili kwa wasichana, na kwa wale wajiandaao kwa arusi. Na mafuta mengine ya namna hiyo yana dawa kali ya jamii ya kotisoni, ambayo ni homoni yenyewe. Mtu akijipaka miezi mingi, tezi zilizo juu ya figo huona ya kuwa mjumbe wao yuko tayari kwa wingi, nazo huacha kumtoa. Kisha akiacha mafuta kwa ghafula aweza kuanguka kwa udhaifu. Huyo ameharibu homoni zake kwa kitu alichokinunua ili apendeze.

Tena vidonge vya maumivu. Vile vya kutuliza uvimbe na maumivu ya viungo, vikimezwa kila siku bila ya ushauri, huumiza figo. Na parasetamo, ambayo ni dawa njema, ikizidi huliua ini. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, na mgonjwa wa ini au mnywaji wa pombe asifike hata hapo. Wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini wajue ya kuwa dawa hiyo hulihimiza ini kuvunja homoni upesi, hata vidonge vya kupanga uzazi hushindwa kazi yake. Mke na mume na wamwulize muuguzi. Na makopo ya dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya yasichukuliwe kuchotea maji wala kutilia maziwa, hata yakioshwa mara saba kama Naamani.

Unene nao una neno lake hapa. Mafuta ya mwili si mzigo uliolala tu. Hutengeneza estrojeni, na yakijaa katika ini hulifanya zito. Wanawake wengine ambao hedhi yao imevurugika kwa unene huirudia hali yao wakipungua, hata kwa sehemu ndogo ya uzito. Soda tatu kwa siku si baraka, ingawa siku hizi ndizo heshima ya mgeni.

Labda mtu atauliza: Je, mchungaji, mwakataza miti shamba ya babu zetu? La. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na dawa ya malaria itumikayo leo ilitoka katika jani la mpakanga wa Kichina. Ila twawakumbusha habari ya Elisha huko Gilgali, katika 2 Wafalme mlango wa 4. Palikuwa na njaa, na mtu mmoja mwenye nia njema alitoka kondeni akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni. Na walipoonja ndipo walipojua ya kuwa mauti imo. Mtu yule hakuwa mchawi. Alikuwa hajui tu, na alitaka kuwashibisha ndugu zake. Chupa isiyoandikwa kilichomo, wala kipimo, wala mahali ilikotengenezwa, ni chungu cha namna hiyo. Tena dawa nyingi ziitwazo za kusafisha ni za kuharisha. Mtu huona ametokwa na mengi, akafurahi, akidhani ni sumu. Kumbe ametokwa na maji na chumvi za damu, na vidonge alivyomeza asubuhi. Ini lililo zima halina kutu ya kusuguliwa. Lililo gonjwa lataka daktari.

Na lile neno uchafu. Hilo ndilo lililotuuma kuliko fedha. Mtu yule aliwaambia mama zetu mbele ya kanisa ya kuwa matumbo yao ya uzazi ni machafu, nasi tulikuwa tumesimama hapo. Wako wanawake katika kila usharika ambao wamelisikia neno hilo kwa mawifi na kwa mama wakwe, nao walilinunua dawa kabla ya kuinunua chupa. Yule mwanamke wa Marko, kwa sheria ya Walawi mlango wa 15, alihesabiwa najisi miaka yote ile, wala hakupasiwa kumgusa mtu. Alimgusa Bwana. Bwana hakurudi nyuma, wala hakujiosha, alimwita binti. Mwalimu atakayelifundisha somo hili na akae hapo kidogo, asikimbilie habari za mahindi.

Turudi kwa mke wa mzee. Manjano ya macho yalianza kupungua juma la pili, na ini lake, kwa rehema za Mungu, lilirudi. Maana ini lina uwezo huo wa kujijenga, likiachwa lipumzike. Wengine waliokunywa dawa za namna hiyo hawakurudi. Alipopata nguvu daktari alimpima damu kwa habari ya kukosa mtoto, jambo ambalo halikufanyika katika miaka yote sita, akaona tezi yake ya shingoni imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Kumbe uchovu wake, na unene, na hedhi iliyovurugika, vilikuwa vya asili moja kweli, kama alivyosema muuza chupa. Ila asili hiyo ilikuwa upungufu, na upungufu hauoshwi. Alipewa kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula, na bei yake kwa mwezi haifikii hata nusu ya chupa moja. Mumewe naye alipimwa. Alikataa mara mbili, tukaenda naye mara ya tatu.

Basi ziko dalili ambazo mwalimu wa kijiji akiziona asishauri chakula wala kungoja, bali ampeleke mtu hospitali: macho ya manjano, mkojo mweusi, miguu au uso uliovimba, mkojo wa povu au uliopungua sana, damu itokayo kwa wingi au nje ya siku zake, damu baada ya hedhi kukoma, uvimbe shingoni au katika ziwa, na hedhi iliyokoma miezi mitatu kwa mwanamke asiye na mimba wala asiyenyonyesha. Na wale waliokaa katika ndoa mwaka mzima wakitafuta mtoto wasipate, waende wote wawili pamoja. Mume asimtume mke peke yake.

Mtoto bado hajapatikana, hata leo tunapoandika. Hedhi yake imekaa sawa, na anaimba tena katika kwaya. Yule mtu wa chupa twasikia alionekana gulioni mwaka huu, naye sasa auza dawa ya macho. Katika usharika wetu baraza la wazee limekata neno ya kuwa hakuna atakayesema habari za dawa baada ya ibada ila muuguzi wa zahanati, naye huja Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Wanawake hubaki naye ndani, na sisi wachungaji na wazee hutoka nje, tukawangoja chini ya mti.